Ghorofa Lisilochusha: Mambo ya Kuamua Dar Kabla Zege Halijamwagwa

Pita mtaa wowote wa Kariakoo, Upanga au Sinza palipoota ghorofa jipya, utasikia neno lile lile: boksi. Vioo vya bluu mbele, plasta tupu ubavuni, mashine za viyoyozi zimening'inia kama popo, na michirizi meusi imeshuka chini ya kila dirisha kabla jengo halijatimiza miaka miwili. Mwenye jengo akisikia maneno hayo hukimbilia urembo. Anabandika nguzo za Kirumi, anazungusha mkanda wa alukobondi (mabamba ya aluminiamu) nyekundu, anafunga taa za rangi. Boksi linabaki boksi, ila sasa limekula hela zaidi.

Kinachochusha kwenye majengo haya huingia mapema sana, ramani ikiwa bado mezani, na mara nyingi huingia kwa sababu hakuna aliyekifikiria. Hakuna aliyeuliza jua linatua upande gani. Kiyoyozi hakikutengewa pa kukaa. Maji ya mvua hayakupewa njia. Zege likishapanda, mtu anabaki na rangi tu mkononi. Maelezo haya yanamhusu mwenye kiwanja, pamoja na msanifu majengo anayetaka mteja wake amwelewe. Tunachukua mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 25, jengo la ghorofa nane hadi kumi, chini fremu za biashara, juu ofisi au nyumba za kupangisha. Hesabu za jua ni za Dar es Salaam. Tanga, Zanzibar na Mombasa tofauti ni ndogo. Nairobi iko juu na ina baridi yake, huko mengi hubadilika.

Jua kwanza, sura baadaye

Chora mshale wa kaskazini kwenye ramani ya kiwanja kabla ya kuchora ukuta hata mmoja. Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 3 Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Kuanzia Machi hadi Oktoba, saa sita mchana jua huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Juni linapofika mbali kabisa huegemea kaskazini nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba huegemea kusini nyuzi 17 tu.

Hapo ndipo unapopata kina cha bapa la zege linalotokeza juu ya dirisha, ambalo hapa tutaliita kofia. Ukuta unaotazama kaskazini, zidisha kimo cha dirisha kwa 0.58. Ukuta unaotazama kusini, zidisha kwa 0.30. Dirisha la mita 1.5 linahitaji kofia ya sm 87 kaskazini na sm 45 kusini. Hiyo ni hesabu ya adhuhuri. Kuelekea saa tisa alasiri jua huja kwa mshazari, kwa hiyo kaskazini fanya sm 90 hadi mita 1 na uongeze mbawa za zege pembeni mwa dirisha, kila moja ikitokeza sm 40 hadi 50.

Angalia kilichotokea: pande mbili za jengo tayari hazifanani, na kila dirisha lina kivuli kinachosogea kutwa nzima. Sura imekuja yenyewe, bila nguzo ya Kirumi.

Magharibi ni habari nyingine. Mwezi Machi au Septemba, saa 10 jioni jua la Dar liko nyuzi 35 hivi juu ya upeo wa macho. Dirisha lile lile la mita 1.5 lingetaka kofia ya mita 2.1. Saa 11 jioni lingetaka karibu mita 4. Hakuna anayejenga kofia ya mita 4. Kwa hiyo upande wa magharibi wape ngazi, lifti, vyoo, stoo na mashimo ya mabomba. Matundu ya madirisha yasizidi sehemu moja ya kumi ya ukuta. Mashariki nako jua huja chini chini, lakini asubuhi jengo bado limepoa, unaweza kulegeza kidogo.

Tatizo linakuja pale barabara inapokuwa magharibi na mwenye jengo anataka maduka na ofisi zitazame barabara. Wengi hapa huweka mbawa za wima zilizonyooka kutoka ukutani, wakiwa wameziona kwenye picha za nchi za mbali. Kwetu hazisaidii kitu Machi na Septemba, kwa kuwa jua linatua mbele kabisa ya ukuta na kupita katikati ya mbawa kama mtu apitaye mlangoni. Zigeuze nyuzi 45, uwazi wake utazame kaskazini-magharibi. Desemba hadi Februari, miezi ya joto kali, jua hutua kusini-magharibi na litagonga mgongo wa mbawa. Juni litaingia kiasi jioni, lakini Juni hakuna atakayelalamika. Nafasi kati ya mbawa na mbawa isizidi 0.7 ya kina chake: mbawa ya sm 60, nafasi ya sm 40.

Njia ya pili ya magharibi ni matofali ya matundu. Ni rahisi, mafundi wanayafyatua hapa hapa, na yanaachia upepo. Yanavyoharibika pia kunajulikana: fundi anayapanga kama matofali ya kawaida bila chuma, ukuta unatikisika, kipande kinaanguka barabarani. Kwa matofali ya sm 20 kwa 20 yenye kina cha sm 10, laza nondo ya mm 8 kila mstari wa tatu, iingie kwenye nguzo pande zote mbili, na usiache kipande kinachozidi mita 3 kwa 3 bila nguzo au bimu ya kukishika. Acha sm 60 kati ya matofali hayo na dirisha. Hapo mtu anapita kusafisha, na kamba ya kuanikia nguo inapata mahali pasipoonekana mtaani. Nyavu za mbu weka kwenye dirisha, si kwenye matundu. Vumbi la Dar huziba nyavu za nje ndani ya msimu mmoja na hakuna anayezifikia kuzisafisha.

Mbawa nyembamba za zege zina ugonjwa wao karibu na bahari. Mtu anachora mbawa ya mm 70 kwa sababu inapendeza kwenye picha, nondo inafunikwa na zege la mm 20, hewa ya chumvi inaingia, nondo inashika kutu na kufura, zege linapasuka na kudondoka vipande. Funika nondo kwa mm 40 kila upande. Ukijumlisha nondo zenyewe, mbawa haiwezi kuwa chini ya mm 120. Msanifu akisema ni nene mno, mwonyeshe majengo ya miaka ya 1950 na 1960 katikati ya jiji, yenye gridi nzito za zege mbele ya madirisha. Uzito ule ndio unaotoa kivuli kikali, na kivuli ndicho unachokiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Upepo hauhitaji maneno mengi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki Desemba hadi Machi. Chumba chenye madirisha upande mmoja tu hupata hewa hadi kina cha mara mbili au mbili na nusu ya urefu wa dari, yaani mita 6 hadi 7.5 kwa dari ya mita 3. Chenye madirisha pande mbili zinazotazamana hufika mita 15. Jengo lililojaza kiwanja ukuta kwa ukuta haliwezi kupata hata hiyo sita, ndiyo maana viyoyozi huwaka saa 24.

Vioo na alukobondi

Ukuta wa vioo tuliuiga Dubai, na Dubai nako waliuiga kwingine. Fanya hesabu kabla hujaiga. Kioo cheupe cha mm 6 hupitisha karibu asilimia 80 ya joto la jua linalokipiga. Jioni, ukuta wa magharibi hupigwa na wati 600 hivi kwa kila mita ya mraba. Vioo vya mita za mraba 10 vinaingiza karibu wati 4,800. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa wati 3,500 hivi. Maana yake kiyoyozi kizima, na kingine kasoro, vinafanya kazi ya kupambana na dirisha moja kabla hajaingia mtu, kompyuta wala birika la chai. Luku inajieleza yenyewe.

Kioo cha bluu cha kurudisha mwanga hupunguza kinachoingia, lakini kinachorudishwa huenda kwa jirani. London mwaka 2013 jengo lenye uso wa vioo uliopinda ndani lilikusanya jua na kuyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa mtaani. Wa kwetu hauhitaji kupinda: uso bapa wa ghorofa kumi unatosha kumpofua dereva wa bodaboda saa 10 jioni.

Kama kioo hakikwepeki, kiweke kaskazini na kusini chini ya kofia, kisizidi theluthi ya ukuta, na angalau nusu ya madirisha yafunguke. Dirisha lifunguke kwa namna ambayo mtu aliye ndani anaweza kufuta upande wa nje. Vinginevyo unahitaji vyuma vya kufungia kamba za wasafishaji juu ya paa, na hivyo huwekwa wakati wa kumwaga zege la paa, havichomekwi baadaye. Silikoni ya maungio hudumu miaka 10 hadi 20, kisha maji huanza kuingia. Weka tarehe ya kuibadilisha kwenye daftari la matengenezo tangu siku ya kwanza.

Alukobondi ya kawaida ina unene wa mm 4: ngozi mbili nyembamba za aluminiamu, katikati plastiki. Plastiki hiyo ndiyo hatari. Moto wa Grenfell Tower, London, tarehe 14 Juni 2017, uliua watu 72, na uliparamia jengo kupitia mabamba ya aina hii. Usiku wa kuamkia mwaka 2016 hoteli ya Address Downtown ya Dubai iliwaka kwa nje mbele ya kamera za dunia nzima. Kwenye BOQ, yaani orodha ya kazi, vifaa na bei, usikubali neno "alukobondi" peke yake. Andika: bamba lenye kiini cha madini, daraja A2 la kutoshika moto kirahisi, pamoja na cheti cha kundi lililoletwa saiti. Siku mzigo ukifika, kata kipande, mpeleke fundi nje mahali pa wazi akipige moto wa gesi ubavuni. Kikiyeyuka na kudondosha matone yanayowaka, rudisha mzigo wote. Hicho si kipimo cha maabara, ila kinamkamata mwuzaji wa uongo kwa dakika mbili. Na nyuma ya mabamba, kila ghorofa iwe na kizuizi cha moto kinachoziba uwazi, la sivyo uwazi huo ni bomba la moshi kutoka fremu za chini hadi paa.

Mashine za nje za viyoyozi

Hili ndilo linaloharibu sura za majengo mengi kuliko yote, na ndilo lisilochorwa kabisa. Picha ya kompyuta haina hata mashine moja. Mpangaji wa kwanza anahamia, fundi anatoboa ukuta, anafunga vyuma viwili, anaacha bomba la maji likining'inia. Mpangaji wa kumi akimaliza, uso wa jengo umekuwa ubao wa matangazo ya viyoyozi.

Mashine ya nje ya BTU 12,000 ina upana wa karibu sm 80, kimo sm 55, kina sm 30. Itengenezee kibao cha zege cha mita 1.2 kwa sm 70 kando ya kila chumba kitakachohitaji, kiwe sehemu ya slabu. Nyuma ya mashine acha sm 15 za kuvuta hewa. Mbele weka louva za aluminiamu zenye rangi ya unga iliyookwa, au matofali ya matundu yaliyo wazi sana. Uwazi usipungue asilimia 75. Wengi hukosea hapa: wanaficha mashine nyuma ya louva zilizobana, hewa moto inarudi ndani, mashine inajizima mchana wa Januari, mpangaji anang'oa louva. Umerudi ulikoanzia.

Usizipange mashine kumi moja juu ya nyingine ndani ya shimo lililozibwa pande tatu. Za chini hutema joto, za juu hulivuta. Ghorofa ya nane italalamika kila siku na fundi hataona kosa kwenye mashine. Ama shimo liwe wazi mbele kabisa, ama vibao vipishane kushoto na kulia kila ghorofa. Kupishana huko, kwa njia, huvunja ule urudiaji wa madirisha unaochosha macho, bure.

Maji ya kiyoyozi nayo yana mahali pake. Kwa unyevu wa Dar, mashine moja inaweza kutoa zaidi ya lita moja kwa saa. Shusha bomba la mm 32 kwa kila safu ya vibao, lenye tundu la kuunganishia kila ghorofa, liishie kwenye mfereji au kwenye tanki la maji ya kumwagilia. Fundi apate kidirisha cha sm 60 kwa 80 cha kutokea ndani hadi kwenye kibao, na pete ya chuma ya kufunga mkanda wake. Bila kidirisha atapanda kwa kamba, au hatapanda. Kisha andika kwenye mkataba wa pango kuwa mashine inakaa kwenye kibao tu. Kifungu hicho hakina maana kama kibao hakipo.

Michirizi meusi

Simama chini ya jengo lolote lenye miaka mitatu utazame pembe za chini za madirisha. Utaona michirizi miwili, mmoja kila pembe, kama macho yaliyolia wanja. Vumbi hutua kwenye kizingiti cha dirisha, mvua ya kwanza ya masika inalisukuma pembeni, linashuka ukutani, unyevu unabaki, kuvu nyeusi inaota. Wenye majengo hupaka rangi upya kila baada ya miaka miwili na michirizi inarudi pale pale, kwa sababu njia ya maji haijabadilika.

Dawa ni ya milimita chache. Kizingiti kitokeze nje ya ukuta sm 5, kiteremke kuelekea nje, kipite upana wa dirisha sm 5 kila upande, na ncha zake ziinuliwe kidogo ili maji yasitoke pembeni. Chini yake, mm 25 kutoka ukingoni, chonga mfereji wa kudondoshea maji wenye upana wa mm 12 na kina cha mm 10. Tone likifika hapo haliwezi kuruka mfereji, linaanguka. Weka mfereji huo chini ya kila kofia, kila balkoni, kila kibao cha kiyoyozi. Unawekwa kwa kupigilia kipande cha mbao ndani ya fomu (mbao za kumwagia zege) kabla ya kumwaga zege. Fundi akisahau, kuuchonga baadaye kwa grainda kwenye ghorofa kumi ni wiki nzima na bado utapinda. Kikwazo kingine: fundi wa plasta anakuja baadaye na kuujaza mfereji akidhani ni kosa la zege. Mwambie mapema.

Kofia na balkoni ziteremke 1 kwa 50. Zikiwa bapa hushika maji, na maji yaliyotuama juu ya kofia ni mazalio ya mbu wa dengi. Mwaka 2014 na 2019 jiji liliugua sana.

Vigae vya nje: vikwepe juu ya ghorofa ya kwanza. Jengo hutanuka na kusinyaa, kigae hakifuati. Ukilazimika, acha ungio la kunyumbuka la mm 10 kila ghorofa na kila mita 4 kwa ulalo, na kila mwaka gonga kwa mpini wa nyundo. Palipo na sauti ya debe tupu ndipo patakapoanguka. Teraso ya kuoshwa (plasta ya saruji na kokoto ndogo) hugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini ni ngumu, haidai rangi, na mafundi wazuri wa teraso bado wapo jijini.

Chini, anapopita mtu

Mpita njia haoni ghorofa ya tisa. Anaona mita 5 za kwanza. Kama hapo kuna ukuta wa maegesho na geti la chuma, jengo limeshamkera kabla hajainua macho. Magari yapelekwe nyuma au chini ya ardhi. Mlango wa magari uwe mmoja, upana mita 6, na kiwanja kilichobaki mbele kiwe fremu au ukumbi wa kuingilia.

Ghorofa ya chini iwe na kimo cha mita 4 hadi 4.5. Kwenye mita 3 weka kibaraza cha kuzuia jua na mvua chenye kina cha mita 2 hadi 2.5, mfululizo, kiungane na cha jirani kama kipo. Mama lishe, muuza magazeti na abiria anayesubiri daladala wote watakaa hapo hata usipowaita, kwa hiyo weka benchi la saruji la kimo cha sm 45 ukutani kama baraza za nyumba za mwambao. Ni bora kuliko kumwaga mawe makali kuwafukuza.

Inua sakafu sm 45 juu ya barabara, kwani barabara za Dar huinuka kila zinapowekwa lami upya. Ngazi na mteremko wa kiti cha magurudumu, 1 kwa 12, viwe ndani ya mpaka wako. Kwa sm 45 mteremko huo unahitaji mita 5.4, na usipoutengea nafasi kwenye ramani utaishia kwenye njia ya waenda kwa miguu.

Juu ya fremu acha mkanda wa mabango wa kimo cha sm 80, wenye mabomba ya waya ndani. Mwenye duka atabandika bango lake hata ukimkataza, basi mpe mahali. Chora pia aina moja ya grili za madirisha hadi ghorofa ya pili. Usipoichora, kila mpangaji ataleta ya fundi wake.

Paa

Tanki la plastiki la lita 5,000 lina kimo cha karibu mita 2 na likijaa lina uzito wa tani 5. Ukuta wa paa wa mita 1.1 haulifichi. Jenga kizuizi cha matofali ya matundu cha mita 2.5, kirudi nyuma mita 2 kutoka ukingoni, na mhandisi ajue idadi ya matanki kabla ya kuhesabu nguzo, si baada. Kichwa cha jengo kinaweza kufanya kazi na bado kikapendeza. Soko Kuu la Kariakoo, alilobuni Beda Amuli mwanzoni mwa miaka ya 1970, lina paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini inayokinga maji ya mvua. Ukumbi wa Nkrumah pale Chuo Kikuu uliwekwa kwenye noti ya shilingi 500. Boksi la vioo vya bluu bado halijapata noti.

Michoro ya kudai kabla ya kulipa

Picha ya kompyuta huchorwa kutoka angani, saa za machweo, taa zimewaka, mtaa hauna nguzo za umeme. Ikatae. Dai picha mbili kutoka kimo cha macho, mita 1.6, ukiwa ng'ambo ya barabara: moja saa 4 asubuhi, moja saa 10 jioni. Dai pande zote nne, kwa sababu ubavu usio na dirisha utaonekana miaka mingi kabla jirani hajajenga. Dai ziwemo mashine za viyoyozi, mabomba, jenereta, matanki, mabango na grili.

Dai pia mchoro wa mkato wa ukuta kwa kipimo cha 1 kwa 20, kuanzia msingi hadi ukuta wa paa, ukionyesha kofia, mfereji wa kudondoshea, kizingiti na kizuizi cha moto. Msanifu asiyeweza kuutoa hajalifikiria jengo, amelipaka rangi. Hakikisha amesajiliwa na bodi yake, AQRB, mhandisi na bodi ya wahandisi, ERB, mkandarasi na bodi ya makandarasi, CRB. Peleka halmashauri ramani yenye uso huu huu. Ukiubadili baada ya kibali, unarudi kuomba upya, na wengi hapo ndipo huanza kujenga kisichochorwa. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka katikati ya jiji tarehe 29 Machi 2013 liliua watu 36. Ghorofa za nyongeza na mabadiliko ya kimya kimya si suala la sura tu.

Kama wewe ni jirani

Barua isemayo "jengo ni baya" huishia kwenye faili. Peleka vipimo. Kivuli: saa 10 jioni, Machi au Septemba, jengo la mita 40 hutupa kivuli cha mita 56 hivi kuelekea mashariki. Chora kwenye ramani ya mtaa kinafika nyumba zipi. Mwanga: uso gani wa kioo unatazama magharibi, na unarudisha jua kwenye barabara ipi. Maji: bomba la paa linaishia wapi. Magari: nyumba ngapi, nafasi ngapi. Ngazi: zinaingia njia ya waenda kwa miguu kwa sentimita ngapi.

Wahi. Kibali kikishatoka, ni vigumu kupata cha kushika. Miradi inayodaiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 lazima ishirikishe wananchi, na hapo maoni yako huandikwa. Nakala moja mpe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nyingine diwani, nyingine idara ya mipango miji, na kila moja uigongeshe muhuri wa kupokelewa. Ombi liwe dogo na la kutendeka: "ukuta wa magharibi upunguziwe vioo, mashine za viyoyozi zihamishiwe kwenye vibao" husikilizwa kuliko "lisijengwe".

Kipande cha mfano

Ukiwa umeshaanza, bado kuna silaha moja. Kabla ya kuendelea na ghorofa ya pili, mkandarasi amalize kipande kimoja cha uso wa ghorofa ya kwanza, upana mita 3: kofia, mbawa, dirisha, kizingiti, kibao cha kiyoyozi na mashine yake, louva, plasta, rangi. Kiingize kwenye BOQ kama kazi yenye bei yake, la sivyo ataona anafanyishwa bure. Kisha kimwagilie kwa mpira wa maji kutoka juu dakika 30, ukiwa umetandaza gazeti kavu ndani chini ya dirisha. Gazeti likilowa, tafuta maji yalipopitia. Maji yakishuka ukutani badala ya kudondoka kwenye mfereji, rekebisha fomu sasa. Washa mashine kwa muda wa saa moja, mchana wa jua, weka mkono mbele na nyuma ya louva. Hewa ikiwa ya moto pande zote mbili, panua uwazi.

Kipande kikikubalika, msanifu na mkandarasi wote watie sahihi juu ya picha zake, na kibaki hivyo hivyo bila kuguswa hadi ghorofa ya mwisho. Fundi mpya wa plasta akija saiti mwezi wa nane, mpeleke hapo kwanza apapase ule mfereji wa mm 12 kwa kidole.